Gnar: neno lililong'olewa meno

Kiingereza cha zamani kilikuwa na neno la mbwa aliyeinamia mfupa wake kisha akamwona mgeni anakaribia. Neno hilo ni "gnar". Halikuwa la kubweka wala la kulia. Lilitaja ile sauti nzito inayoanzia kooni, kinywa kikiwa bado hakijafunguka, midomo ikianza kupanda na kuacha meno yaonekane. Sisi tungesema mbwa ananguruma. "Gnar" linaonekana katika maandishi tangu mwishoni mwa karne ya 15, na kamusi kubwa za Kiingereza bado zinalihifadhi kama neno la kale au la kishairi. Lakini mtu wa London akilisoma leo kwa sauti, kinachomtoka ni "naa". Ile G ya mwanzo haitamkwi, ile R ya mwisho haitamkwi, na kilichobaki katikati ni laini kiasi kwamba kingemfaa mwanakondoo kuliko mbwa. Neno lililoundwa ili lingurume limebaki na king'ong'o kimoja na irabu moja.

Watungaji wa kamusi wakifika kwenye maneno ya aina hii huandika kwa ufupi kwamba asili yake ni mwigo wa sauti, kile ambacho walimu wetu wa fasihi wanakiita tanakali za sauti, kisha hupita. Jibu hilo si la uongo, ila linaeleza siku ya kuzaliwa kwa neno na kunyamazia maisha yake yote yaliyofuata. Ninachoshikilia hapa ni kwamba neno la mwigo, likishaingia katika lugha, hutawaliwa na kanuni zilezile za matamshi zinazotawala neno la nyota au la nyumba, na kanuni hizo hazijali kama neno linaiga mbwa au haliigi kitu chochote. Ndiyo maana lugha hulazimika kuiga upya mara kwa mara, na ndiyo maana historia ya mngurumo katika Kiingereza ni ya maneno kadhaa yaliyopokezana zamu, si ya neno moja lililodumu. "Gnar" ni shahidi mzuri wa jambo hili kwa sababu ajali zinazoweza kulipata neno la mwigo zililipata karibu zote.

Tuanze na ukoo wake. Kiingereza cha Kale, kile kilichozungumzwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na kitenzi "gnyrran", kilichohusu sauti ya kitu kinachokwaruza au kusagana. Ng'ambo ya bahari ndugu zake wapo hadi leo. Wajerumani wana "knarren" kwa mlango mbovu au sakafu ya mbao inayolia mtu akipita, na wana "knurren" kwa mbwa. Waholanzi wana "knorren" kwa nguruwe. Wadenmark wana "knurre" kwa mbwa na pia kwa mtu anayenung'unika. Tena Mjerumani mwenye njaa husema tumbo lake linafanya "knurren", kwa kitenzi kilekile cha mbwa. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, maana kwetu simba hunguruma, radi hunguruma, lori linalopanda mlima hunguruma, na tumbo lililokosa chakula cha mchana hunguruma vilevile. Ushahidi huu mdogo una uzito mkubwa. Unaonyesha kwamba tangu mwanzo maneno haya hayakuwa yakimwiga mbwa. Yaliiga aina ya sauti, ile inayokuja kwa mapigo mengi ya haraka yaliyobanana, iwe imetoka kwenye koo, kwenye bawaba ya mlango au kwenye utumbo. Mbwa alikuwa mteja mmoja tu kati ya wengi.

Ukiziangalia irabu za ukoo huo utaona jambo la pili. Katika maneno ya kawaida ya lugha hizi, irabu hulingana kwa utaratibu unaoweza kuandikwa kama kanuni: Mwingereza akiwa na hii, Mjerumani huwa na ile, neno baada ya neno. Hapa utaratibu huo haupo. Mjerumani peke yake ana A kwa mlango na U kwa mbwa, Mholanzi ana O, Mwingereza wa kale ana Y, na Mwingereza wa karne ya 15 ana A. Hao si watoto wa mzazi mmoja waliokua kwa mpangilio. Wanafanana na watu waliosikia sauti moja kwa nyakati tofauti, kila mmoja akaijaribu kwa mdomo wake. Mtu anaweza kupinga kwamba "gnar" lingeweza kutoka moja kwa moja kwenye "gnyrran": huko Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, Y ya kale iligeuka E, na baadaye katika Kiingereza E iliyotangulia R ikageuka A, kama vile "sterre" lilivyokuja kuwa "star", yaani nyota. Njia hiyo inapitika kisauti. Lakini hata tukiikubali, haitatueleza kwa nini Wajerumani na Waholanzi nao wana irabu zinazoyumba vilevile, na wao hawakupitia Kent. Maelezo yanayowaenea wote ni kwamba neno hili lilikuwa likiundwa na kuundwa tena, kwa mifupa ileile ya konsonanti: king'ong'o kilichotanguliwa na mpasuko wa nyuma ya kinywa, na R mwishoni.

Fahari ya neno hili ilikuwa mwishoni mwa karne ya 16. Edmund Spenser, mshairi aliyependa maneno yenye harufu ya kale, alilitumia katika utenzi wake wa "The Faerie Queene", ambao vitabu vyake vitatu vya kwanza vilitoka mwaka 1590, na akampa mbwa mwenye vichwa vitatu anayelinda mlango wa kuzimu katika ngano za Wagiriki. Shakespeare alichukua umbo lake lililorefushwa, "gnarl", lenye L ya kuonyesha kitendo kinachorudiwarudiwa. Katika sehemu ya pili ya tamthilia yake ya Mfalme Henry wa Sita aliwapa mbwamwitu wanaogombea nani atakayemtafuna mfalme kwanza, na akalipanga jirani na "gnaw", kuguguna, ili zile G mbili zigongane masikioni mwa watazamaji. Katika "Richard II" alikwenda mbali zaidi na kuipa huzuni yenyewe sauti hiyo, kana kwamba majonzi ni mbwa ambaye nguvu yake ya kumng'ata anayempuuza ni ndogo. Inafaa kukumbuka masikio hayo ya watazamaji yalikuwa yamezoea nini. Upande wa kusini wa mto Thames, kule Southwark, majumba ya michezo ya kuigiza yalisimama karibu na viwanja ambamo dubu aliyefungwa mnyororo aliachiliwa mbwa wakubwa wamshambulie, na watu walilipa kuingia kutazama. Jumba la Hope, lililofunguliwa mwaka 1614, lilijengwa kwa kazi zote mbili: jukwaa lake liliweza kuondolewa ili dubu aingizwe. Ben Jonson aliionyesha humo tamthilia yake "Bartholomew Fair" mwaka huohuo. Mtu aliyesikia "gnar" jukwaani alikuwa ameisikia sauti yenyewe hatua chache tu kutoka hapo, na aliweza kupima kama neno linafanana nayo.

Lilifanana nayo hasa kwa sababu ya R, na hapa lazima tukae kidogo. Katika Roma ya kale R iliitwa herufi ya mbwa. Lucilius, mtunzi wa mashairi ya kejeli wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alisema kwamba mbwa aliyechokozwa huitamka herufi hiyo waziwazi kuliko mtu. Persius, aliyeishi wakati wa Kaisari Nero, aliirudia picha hiyo ya herufi ya mbwa inayotokea puani. Wasomi wa Ulaya wakaipokea, na ikafika mpaka kwa yaya wa Juliet katika "Romeo na Juliet", mwanamke asiyejua kusoma ambaye hata hivyo anajua kwamba R ni jina la mbwa. Ben Jonson huyohuyo aliandika kitabu cha sarufi ya Kiingereza kilichochapishwa mwaka 1640, miaka mitatu baada ya kifo chake, na humo aliieleza R kuwa ni herufi ya mbwa inayonguruma katika kutamkwa. Samuel Johnson naye, katika kamusi yake maarufu ya mwaka 1755, aliiita kwa jina lilelile na kutoa sababu ileile. Wanafonetiki wetu wana neno zuri kwa sauti hii: kimadende. Ncha ya ulimi hupigapiga kwenye ufizi kwa haraka, pumzi ikipita, na mapigo hayo yanafanana kweli na mtetemo wa koo la mnyama aliyekasirika. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba "gnar" liliiga mngurumo hakosei hata kidogo. Kosa linaanza pale anapodhani kwamba mfanano huo ulilipa neno kinga.

Haukulipa. Jino la kwanza kung'oka lilikuwa la mbele. Kiingereza kiliwahi kutamka herufi zote mbili katika maneno yanayoanza kwa GN na KN, kama Wajerumani wanavyofanya hadi sasa katika "Knie", goti. Katika karne ya 17 matamshi hayo yalififia, na mwanzoni mwa karne ya 18 mtu aliyesema goti, kisu, kujua, kuguguna au mbu kwa Kiingereza alikuwa ameacha herufi ya kwanza ikae kwenye karatasi tu. Hakuna aliyeuliza ni neno gani linaihitaji G yake kwa sababu za mwigo na ni lipi linaweza kuiachia. Zote ziliondoka pamoja. Kwa neno la kisu hasara haikuwepo, kwa kuwa kisu hakikati kwa nguvu ya herufi zake. Kwa "gnar" ilikuwa hasara kubwa, maana ule mpasuko wa nyuma ya kinywa ndio uliokuwa koo la mbwa.

Jino la pili lilikuwa R, na lilichukua muda mrefu kulegea. Jonson mwenyewe, katika ukurasa uleule wa kumsifu mbwa, anaeleza kwamba R hutamkwa kwa uthabiti mwanzoni mwa neno na kwa ulaini zaidi katikati na mwishoni. Naiona sentensi hiyo kuwa ushahidi wenye thamani kuliko sifa yote ya mbwa iliyoizunguka, kwa sababu inatuonyesha ugonjwa ukiwa bado mchanga: tayari R ya mwisho wa neno haikuwa ile inayotetemesha ulimi. Mwaka 1791 John Walker alitoa kamusi yake ya matamshi na kuandika kwamba London, katika maneno kama "bard" na "card", R ilikuwa imezama karibu yote na kuacha A ndefu tu. Aliitofautisha pia R kavu ya mwanzo wa neno na R laini ya mwisho. Katika karne iliyofuata Waingereza wa kusini waliiacha kabisa R isiyofuatwa na irabu, na matamshi hayo ndiyo yaliyokuja kuhesabiwa kuwa ya watu waliosoma, na ndiyo yaliyoletwa katika shule nyingi za makoloni, za kwetu zikiwemo. "Gnar" likawa "naa". Koo limekwenda na ulimi umekwenda.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuona jambo ambalo Mwingereza huenda asilione akiwa ndani ya lugha yake. Maneno yetu ya sauti hiyo, kunguruma na kukoroma, yameiweka R katikati ya irabu mbili, na katika Kiswahili silabi kwa kawaida humalizikia kwenye irabu. R yetu haiachwi mlangoni peke yake, mahali ambapo upepo wa matamshi hupiga kwa nguvu zaidi. Haisimami mwisho wa neno, basi haina njia rahisi ya kunyauka kama ilivyonyauka ile ya London. Wapo wazungumzaji wanaobadilishana R na L, na hapo nguruma inaweza kusikika "nguluma", jambo linaloonyesha kwamba hata huku mwigo hauna mlinzi. Ila hatari yetu ni nyingine na ni ndogo zaidi. Kilichoisalimisha R ya ngurumo ni umbo la silabi zetu, ambalo limeisalimisha pia R ya karatasi na ya bandari, maneno yasiyoiga chochote. Neno la mwigo na neno lisilo la mwigo yamelindwa na ukuta mmoja, kama vile kule Uingereza yalivyoangushwa na dhoruba moja.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la neno "snarl". Hili nalo ni la kunguruma kwa kukenua meno, lilitokea katika maandishi ya karne ya 16 kutoka "snar" lililo fupi zaidi, R yake imezama London vilevile, na bado linatumika kila siku. Kama kupoteza R kunaua neno, mbona hili halikufa? Na "gnaw" na "gnash", kuguguna na kusaga meno, yalipoteza G yao na yako hai. Pingamizi hili ni la haki, na linanilazimisha niseme kwa usahihi zaidi. Sidai kwamba neno hufa likipoteza mfanano wake. Nadai kwamba linapoteza upendeleo liliokuwa nao, na kuanzia hapo hulazimika kuishi kwa njia nyingine kama maneno mengine yote. "Gnaw" lina kitendo kinachoonekana, taya linalosaga mfupa, na kitendo hicho hakihitaji sauti ya neno ili kikumbukwe. "Snarl" lina jamaa. Kiingereza kimejaza maneno yanayoanza kwa SN yanayohusu pua na mdomo: pua ya mnyama, kunusa, kukoroma, kupiga chafya, kukunja uso kwa dharau, kudaka kwa meno. Anayelisikia "snarl" huuona uso umekunjwa hata kama hasikii mtetemo. "Gnar" halikuwa na jamaa wa namna hiyo. Maana yake yote ilikuwa sauti, na sauti ilipokwenda halikubakiwa na kitu cha kushika.

Kisha likapata jirani mbaya. Katika "Measure for Measure", tamthilia iliyochapishwa katika mkusanyo mkubwa wa kazi za Shakespeare wa mwaka 1623, kuna mti wa mwaloni ulioelezwa kuwa "gnarled", wenye vifundo, usiopasulika kwa kabari. Neno hilo halihusiani na mbwa. Lilitoka upande wa mafundi mbao, kwenye "knar" na "knurl", yaani fundo au nundu ya mti, na G yake ni tahajia iliyoteleza tu. Kwa karibu miaka 200 halikutumika sana. Waandishi wa mwanzoni mwa karne ya 19, waliopenda miti mikongwe na magofu, walilifufua kutoka kwa Shakespeare, likaenea upesi, na likazaa kitenzi kipya "gnarl" chenye maana ya kupinda na kujaa vifundo. Tangu hapo msomaji wa kawaida anayekutana na mbwamwitu wa Mfalme Henry huona kitu kilichopindapinda, si kitu kinachonguruma. Katika wakati wa Shakespeare masikio yangeweza kumsaidia, kwa sababu neno la mbwa lilikuwa likitetema na kujieleza lenyewe. Likiwa "naal", la mbwa na la mti ni mamoja, na la mti ndilo lililokuwa na mashairi mapya nyuma yake.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo linatoka kwa ndege. Waingereza humwita kekeo "cuckoo", kwa mwito wake. Kati ya karne ya 15 na ya 18 irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake, na U ndefu ikageuka "au": "hūs" likawa "house", "mūs" likawa "mouse". "Cuckoo" halikufuata. Kila mwaka ndege alirudi akaita sauti ileile, na watu wakalirekebisha neno lilingane naye. Je, huu si ushahidi kwamba mwigo unaweza kulinda? Unaweza, pale ambapo kinachoigwa kina silabi mbili zilizo wazi kama noti za muziki, na kila mtoto anaweza kuzirudia. Mngurumo hauna silabi. Ni mtetemo usio na mwanzo wala mwisho unaojulikana, na kila lugha huukata inavyopenda. Lakini kisa cha ndege huyu kina nusu nyingine isiyotajwa mara kwa mara. Kabla ya "cuckoo", lililoingia kutoka Kifaransa, Waingereza walikuwa na neno lao, "gēac", nalo lilikuwa mwigo wa mwito uleule. Kanuni za matamshi zililitafuna, lile G likalainika kuwa kama Y, hadi halikufanana na ndege yeyote, na likaachwa. Ndugu yake wa Kijerumani, "Gauch", amebaki kumtaja mjinga. Neno la sasa lilisalimika kwa sababu lilikuja kuchukua nafasi ya mwigo uliokwisha kuharibika.

Na mifano ya uharibifu huo si ya kutafutwa kwa tochi. Katika kipande kilichobaki cha mtunzi wa vichekesho wa Ugiriki ya kale, Cratinus, kondoo analia "bē bē". Mgiriki wa leo akizisoma herufi hizohizo kwa matamshi yake atasema "vi vi", na hakuna kondoo duniani aliyewahi kulia hivyo. Wasomi walioitafuta sauti ya Kigiriki cha kale walimtumia kondoo huyo kama shahidi mahakamani: kwa kuwa kondoo hakubadilika, waliobadilika ni Wagiriki. Ferdinand de Saussure, katika mafundisho yake yaliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alitaja njiwa wa Kifaransa, "pigeon", aliyetoka kwenye "pipio" la Kilatini, mlio wa kinda. Aliyesema "pipio" alimwiga kinda. Anayesema "pigeon" hamwigi yeyote. Saussure alitumia mfano huo kupunguza umuhimu wa tanakali katika lugha, na mimi nautumia kwa jambo jembamba zaidi: kwamba mwigo unaisha kama rangi ya nguo inavyopauka kwa kufuliwa.

Watetezi wa mwigo wana silaha moja ambayo haifai kudharauliwa. Tangu "Cratylus" ya Plato, ambamo Sokrates anasema R inafaa kwa mwendo kwa sababu ulimi hautulii katika kuitamka, watu wamehisi kwamba sauti hii ina ukali ndani yake. Mwaka 2022 Bodo Winter na wenzake walichapisha utafiti uliopitia maneno ya ukwaruzo na ulaini katika lugha 332, wakaonyesha kwamba lugha zenye kimadende hupendelea kukiweka katika neno la kitu kinachokwaruza. Basi si bahati tu. Naukubali ushahidi huo wote, na naona unaniunga mkono. Ikiwa masikio ya binadamu yanavutwa hivyo kuelekea R kila yanapotaka kutaja kitu kikavu au kinachonguruma, hapo tunapata sababu ya maneno kama haya kuzaliwa tena na tena. Mvuto huo ni wa wazungumzaji, si wa neno. Neno likichakaa, mvuto unabaki, na unatengeneza jingine. Hata katika utafiti huo kimadende chenyewe ndicho chenye uzito, na lugha iliyoilegeza R yake, kama Kiingereza, imejipunguzia chombo.

Hivyo ndivyo "growl" lilivyopata nafasi. Leo ndilo neno la kawaida la Kiingereza la mngurumo, na mtu angedhani limekuwepo tangu mbwa wa kwanza alipofugwa. Historia yake ni ngeni kuliko hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 15 umbo lake la awali, "grolling", lilihusu tumbo, miungurumo ya utumbo, na wengi hulihusisha na kitenzi cha Kifaransa cha kale, "grouler". Kwa wanyama lilianza kutumika katika nusu ya pili ya karne ya 17, na wapo wanaoona kwamba lile la wanyama liliundwa upya kwa mwigo, bila kudaiwa chochote na lile la tumbo. Angalia saa yake: linakuja kwa mbwa wakati uleule ambapo GN ya mwanzo inanyamaza na R ya mwisho inalegea. Angalia na umbo lake. G imeshikwa na R, haiwezi kunyamaza. R imefuatwa na irabu, haiwezi kuzama. Mahali pote pawili ambapo "gnar" lilijeruhiwa, hili limejengwa kwa mawe. Sisemi kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga hivyo. Yalikuwepo maneno mengi ya kunguruma yakishindana midomoni mwa watu, na lililoendelea kusikika kama mngurumo ndilo lililochukuliwa.

Hata hilo limeshaanza kupauka. R ya Mwingereza wa sasa haipigipigi ufizi, ulimi hujikunja tu bila kugusa, na "growl" linasikika mviringo zaidi kuliko lilivyokuwa. Ndiyo sababu mchoraji wa katuni wa Kiingereza anayetaka mbwa wake aogopwe haandiki "growl" ndani ya kiputo cha maneno. Anaandika "grrr", R tatu au nne bila irabu, jaribio jipya kabisa la kuiandika sauti ambayo kamusi yake ina maneno mengi ya kuitaja. Nadharia za kale za asili ya lugha zilitazama upande mmoja tu wa jambo hili. Johann Gottfried Herder, katika insha yake ya mwaka 1772, alimweka binadamu wa kwanza mbele ya kondoo anayelia na kumfanya aokote neno kutoka kwenye mlio huo. Max Müller aliishambulia fikra ya namna hiyo katika mihadhara yake ya mwaka 1861, akiiita kwa mlio wa mbwa abwekaye. Wote wawili walikuwa wakiulizia mwanzo wa dunia. Mwigo haukuishia mwanzo wa dunia, unafanyika leo kwenye meza ya mchoraji.

"Gnar" lenyewe halikutoweka mara moja. Alfred Tennyson, mzaliwa wa Lincolnshire, alilirudisha katika "In Memoriam" ya mwaka 1850 ili kuyaelezea mahitaji ya maisha yanayomfuata mwanadamu visiginoni kama mbwa, na alimaliza neno hilo kwa R mbili, kana kwamba anaomba jicho lifanye kazi ambayo sikio lilikuwa limeacha kuifanya. Uskoti, ambako R haikuzama na watu wengi waliendelea kuipiga kwa ncha ya ulimi, kamusi za huko zina "gurr" na "yirr" kwa mbwa anayenguruma, maneno mafupi ya aina ileile yaliyobakiwa na meno yao. Na katika miaka ya 1970 vijana wa California wanaoteleza juu ya mawimbi walianza kuliita wimbi la hatari "gnarly", kwa kulifananisha na mti wenye vifundo. Wenzao wanaoteleza juu ya theluji wakalikata wakapata "gnar". Herufi ni zilezile nne za karne ya 15. G bado haitamkwi. Asili yake ni mwaloni, mbwa hayumo, na kwa kuwa ni Wamarekani, R yake inasikika hadi mwisho.